Karata za Taroti na Kalamu ya Mtunzi: Je, ni Katika Azlamu?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Tumeulizwa na kijana mmoja wa Kiislamu anayesoma ughaibuni. Katika somo la utunzi, mwalimu wao aliwagawia wanafunzi karata za taroti, kila mmoja tatu, akawataka watazame picha zake na kuandika kisa kinachounganisha picha hizo. Kijana akaandika, na kisa chake kikasifiwa. Aliporudi bwenini akawaeleza wenzake Waislamu. Mmoja akamwambia kuwa ametoka katika Uislamu. Mwingine akamwambia kuwa hajatoka, lakini swala zake za siku arobaini hazina kitu. Anauliza: “Je, nizilipe swala hizo? Na je, niache kuandika?”

Swali hili si dogo. Linagusa itikadi ya mtu, swala yake na kipawa alichopewa na Mola wake. Tena linatupa nafasi ya kupambanua mambo ambayo hata sisi huku huyachanganya: azlamu, kura, mchezo na fani ya utunzi.

Kanuni ya maulamaa wetu ni kwamba hukumu ya jambo hufuata kulielewa jambo lenyewe. Basi tuanze na kuzijua karata hizi.

Asili ya karata

Karata hazikuzaliwa Ulaya. Zilifika huko katika karne ya 14 kutoka katika nchi za Waislamu, na mwaka 1377 utawala wa mji wa Florence, Italia, ulikwisha kutoa amri juu ya mchezo mpya uliokuwa ukiitwa naibbe. Wataalamu wengi wanaona kuwa jina hilo, na jina la Kihispania naipes, asili yake ni neno la Kiarabu naib, yaani naibu, neno lile lile tunalolitumia kwa naibu waziri na naibu kadhi. Sababu yake ni kuwa katika karata za Misri ya Mamaluki kila kundi lilikuwa na mfalme, naibu na naibu wa pili.

Mwaka 1931 mtafiti L. A. Mayer aliziona karata za namna hiyo katika jumba la Topkapi, Istanbul. Zilizosalia ni 47 kati ya 52. Zimegawika makundi manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Na jambo la kuzingatiwa ni kuwa hazina sura ya mtu hata moja. Mfalme na naibu wake wametajwa kwa maandishi ya Kiarabu na mapambo tu.

Wazungu walizipokea karata hizo, wakatia picha za watu, na fimbo za polo wakazifanya rungu na magongo kwa kuwa mchezo wenyewe hawakuujua. Makundi hayo manne Wareno waliyaita kwa lugha yao vikombe, dhahabu, panga na magongo. Majina hayo ya Kireno ndiyo yaliyofika pwani yetu: kopa, uru, shupaza na pau. Kwa hiyo kijana wa Lamu au Unguja anayetupa kopa barazani anatamka neno la Kireno kwa kitu ambacho Wareno nao walikirithi kutoka Misri.

Taroti ilizuka Italia ya kaskazini mnamo mwaka 1440. Kwenye karata za kawaida, ambazo kwao zilikuwa 56, ziliongezwa karata 22 zenye picha: Mfalme, Papa, Gurudumu la Bahati, Mauti, Shetani, Jua, Mwezi, Hukumu na nyinginezo. Zote zikawa 78. Zilikuwa ni mchezo wa kushindana kwa akili na bahati, na huko Ufaransa mchezo huo unachezwa mpaka leo. Mwanafalsafa wa Kiingereza Michael Dummett aliithibitisha historia hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1980.

Namna zilivyogeuzwa kuwa ramli

Zaidi ya miaka mia tatu baada ya kuzuka kwake, mwaka 1781, mwandishi wa Kifaransa aliyeitwa Antoine Court de Gébelin alidai kuwa taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya Mafirauni. Hakuwa na ushahidi wowote. Wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion aliyafumbua mwaka 1822. Lakini dai hilo lilipendeza watu. Miaka michache baadaye, Mfaransa mwingine aliyejiita Etteilla akatoa mafunzo ya kutabiri kwa karata hizo na kuyafanya kazi ya kumpatia riziki. Mwaka 1909 zikachapishwa London karata zilizopangwa na A. E. Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith, na hizo ndizo zilizoenea zaidi duniani.

Tazama mambo yalivyopinduka. Karata kweli zilitoka Misri, lakini ni Misri ya Waislamu na wala si ya Firauni, na zilitoka huko zikiwa mchezo. Elimu ya ghaibu inayodaiwa kuwamo ndani yake ilitiwa na mtu aliyekuwa akikisia.

Hata hivyo, tusijifanye kuwa maradhi haya ni ya Wazungu peke yao. Katika karne ya 16 na 17, katika dola za Safawi na Uthmani, zilitengenezwa Falnama, vitabu vikubwa vya picha ambavyo mtu huvifungua kwa kubahatisha ili ajue mambo yake yatakwendaje. Huko Irani diwani ya Hafidh hufunguliwa kwa nia hiyo hiyo. Na hapa kwetu ramli, bao na vitabu vya nyota tunavijua, na wengine kati ya wanaovifungua ni watu wanaosimama nasi safu moja msikitini.

Watunzi wanazitumiaje?

Mfano mashuhuri ni wa mwandishi wa Italia, Italo Calvino (1923–1985). Mwaka 1969 aliandika visa vyake vya mwanzo kwa kuzitazama karata za kale zilizochorwa kwa ajili ya watawala wa Milan, ambazo leo nyingi yake zimo Bergamo na New York. Mwaka 1973 akakikamilisha kitabu, akiongeza visa alivyovipata katika karata za aina nyingine, za Marseille. Katika kitabu hicho wasafiri wanakutana katika ngome baada ya kupita msituni, na wote wamepoteza sauti. Mezani pana karata. Kila mmoja anasimulia yaliyomfika kwa kuzipanga karata, na karata ile ile huwa na maana nyingine ikiingia katika kisa cha mwingine. Hakuna anayetabiriwa chochote. Karata zimekaa mahali pa maneno, kama bubu anavyosema kwa ishara.

Mfano wa pili ni tofauti. Mmarekani Philip K. Dick, alipoandika riwaya yake iliyotoka mwaka 1962, The Man in the High Castle, alitumia Yi Jing, kitabu cha Kichina cha kutazamia. Alikuwa akirusha sarafu na kukiuliza kitabu mambo ya riwaya yaelekee wapi. Hapa hakutazama picha ili afikiri. Aliuliza, akasubiri ajibiwe.

Ndugu msomaji, ishike tofauti ya watu hawa wawili, kwa sababu hukumu yetu imejengwa juu yake.

Azlamu ni nini na kwa nini ziliharamishwa?

Allah (S.W.) amezitaja azlamu katika Suratul-Maida, aya ya 3 na ya 90. Katika aya ya pili amezihesabu pamoja na ulevi, kamari na masanamu, akazieleza kuwa ni uchafu katika kazi za shetani na akatuamrisha kuziepuka. Wafasiri wanaeleza kuwa Waarabu wa Jahiliya walikuwa na mishale mitatu isiyo na manyoya wala chembe. Mmoja umeandikwa kuwa Mola ameamrisha, wa pili kuwa amekataza, na wa tatu mtupu. Mtu akitaka safari, ndoa au vita huvuta mmoja. Ukitoka wa amri huenda, ukitoka wa kukataza huacha, na ukitoka mtupu hurudia.

Ubaya wake uko wapi? Mti hauna dhambi, wala kitendo cha kuvuta mshale mfukoni hakina dhambi kwa dhati yake. Ubaya ni kuwa mtu ameutaka mti umjulishe alichogawiwa katika ghaibu, kisha akamnasibishia Allah amri na katazo ambalo Allah hakulisema. Huo ni uzushi juu ya Mola na kutafuta elimu pasipo na elimu.

Sira inatuonyesha unyonge wa jambo hili. Suraqa bin Malik alipomfuatia Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) katika Hijra, kama alivyopokea Bukhari, farasi wake alijikwaa. Akatoa azlamu zake, ukatoka mshale asioupenda. Akaupuuza, akaendelea mbio, kwa kuwa aliitaka zawadi ya Makureshi. Na Ibnul-Kalbi, katika kitabu chake juu ya masanamu, ametaja kuwa Imruul-Qays, mshairi mkubwa wa Jahiliya, alivuta mishale kwa sanamu la Dhul-Khalasa akitaka kulipiza kisasi cha baba yake. Ulipotoka wa kukataza, aliivunja mishale na kulipiga nayo sanamu usoni. Wote wawili waliiamini mishale pale tu ilipoafikiana na hawaa zao. Ndivyo alivyo mwenye kupigiwa ramli mpaka leo: akiambiwa asilolipenda huenda kwa mganga wa pili.

Kura si azlamu

Kwa upande mwingine, si kila kubahatisha kumeharamishwa. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipotaka safari alipiga kura baina ya wakeze. Qur’ani imetaja kura juu ya nani amlee Maryamu (Aal Imran, 44), na kura iliyomwangukia Nabii Yunus (As-Saffat, 141). Kwa hivyo mafakihi wanaikubali kura pale haki za watu zinapolingana na pana haja ya kumtanguliza mmoja.

Karatasi iliyokunjwa na kuvutwa kwa kura inafanana kwa sura na mshale wa azlamu. Kilichozitenganisha ni kinachotakiwa kwake. Kura inagawa, haidai kujua. Azlamu inadai kujua. Na kanuni kubwa ya Fiqhi inatuambia kuwa mambo huhukumiwa kwa makusudio yake.

Hukumu ya suala letu

Kutokana na hayo, tunaona hali ni tatu.

Hali ya kwanza ni mtu kuzitumia taroti, kwa kuzivuta mwenyewe au kuvutiwa, ili ajue yatakayomfika, siri za watu au uamuzi wa jambo lake. Hii ni azlamu yenyewe kwa vazi jipya, na ni haramu bila shaka. Hapa ndipo inapoingia hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo haikubaliwi swala yake siku arobaini. Ama mwenye kumsadiki kuwa anaijua ghaibu, onyo lake katika hadithi nyingine ni zito zaidi, kwani amekengeuka yale aliyoteremshiwa Muhammad (S.A.W.).

Hali ya pili ni mtunzi kuziuliza karata juu ya kazi yake kwa kuitakidi kuwa zina elimu, au nguvu iliyofichika inayomwongoza. Hukumu yake inafuata ya kwanza. Kusema kuwa “ni kwa ajili ya riwaya tu” hakumsaidii, kwa sababu aliyeuliza ni yeye na wala si mhusika wa riwaya yake. Hali ya yule aliyerusha sarafu na kusubiri jibu iko karibu na mlango huu.

Hali ya tatu ni mtu kuitazama picha kama anavyotazama picha ya gazeti, akijua kuwa ni karatasi na wino, akapata wazo la kisa. Haulizi, hasadiki, wala hatabiri. Hii kwa hakika yake si azlamu, kwani illa iliyoharamishia azlamu haimo. Anayemkufurisha Mwislamu kwa jambo hili amevuka mpaka, na amchunge Mola wake. Wala kisa chenyewe si uongo ulioharamishwa, madhali msomaji anajua kuwa kimebuniwa. Al-Hariri (aliyefariki mwaka 516 H., sawa na 1122) alitunga Maqama zake hamsini kwa wahusika wa kubuni, na katika utangulizi wake alijitetea kwa hoja ya nia na kwa mfano wa visa vya wanyama, ambavyo watu wa elimu walikuwa wakivisimulia bila ya kulaumiwa.

Hata hivyo, kusema kuwa jambo si azlamu si kusema kuwa ni jema. Sisi tunaona kuwa Mwislamu aiache hata hali hii ya tatu, na kuitenda ni makuruhu, kwa sababu tatu:

Kwanza, ni kuziba njia. Karata hizi leo zinajulikana duniani kwa utabiri kuliko kwa mchezo. Aliyezoea kuzivuta kwa kisa chake huenda usiku mmoja wa dhiki akazivuta kwa nafsi yake. Calvino mwenyewe, ambaye hakuwa mtabiri, ameeleza mwishoni mwa kitabu chake jinsi kazi hii ilivyomshika kwa miaka, akizipanga na kuzipangua, hata akakitoa kitabu ili ajinasue nayo.

Pili, ni kujifananisha na watu wa ramli. Anayekuona na karata hizo haioni nia yako. Imamu au mwalimu akionekana nazo, wa chini yake watapata hoja.

Tatu, ni yaliyomo. Picha hizo zinamchora Shetani, malaika apulizaye parapanda na wafu wakifufuka, na nyingine zina watu walio uchi. Mambo ya akhera hayafanywi chombo cha kuchezea mawazo.

Wapo watakaosema kuwa hali ya tatu nayo ni haramu, kwa kuzipima karata na nardi, mchezo wa dadu uliokatazwa katika hadithi sahihi. Rai yao tunaiheshimu. Ila nardi ilikatazwa ikiwa mchezo, na mwanafunzi huyu hakucheza na mtu wala hakuweka dau. Kwa hiyo kipimo hicho tunakiona kina upungufu.

Tahadhari juu ya Msahafu

Tumesikia wengine wakisema: “Basi badala ya karata nitaufungua Msahafu kwa kubahatisha, aya itakayotoka iniongoze.” Hili lisifanywe. Al-Qarafi katika Al-Furuq amenukuu kutoka kwa At-Turtushi kuwa kutazamia kwa Msahafu ni haramu, na ameliweka katika mlango wa azlamu. Utukufu wa Kitabu hauhalalishi matumizi hayo, bali unayazidishia ubaya. Mwenye kutaka kuchaguliwa la kheri na aswali Istikhara, ambayo Jabir (R.A.) ametueleza kuwa Mtume (S.A.W.) aliwafunza Masahaba kama alivyokuwa akiwafunza sura ya Qur’ani. Katika Istikhara mja hasomi ishara za vitu. Anamwomba Mjuzi, kisha anashika njia.

Mtunzi aende wapi?

Kinachomsaidia mtunzi katika karata ni kupewa kitu ambacho hakukichagua, kikamlazimisha kufikiri nje ya mazoea yake. Jambo hilo linapatikana bila ya taroti. Andika maneno ishirini ya kawaida, kama jahazi, deni, kisima na barua, uyatie katika kikapu, uvute matatu na utunge. Hiyo ni kura juu ya jambo la mubaha. Au jifunge kwa sharti, kama Al-Hariri, ambaye katika mojawapo ya Maqama zake aliitunga hotuba nzima kwa herufi zisizo na nukta. Washairi wetu wa pwani nao wamelelewa katika sharti la vina na mizani, na katika kujibizana, ambako hoja ya mwenzako ndiyo inayokuchokoza utunge.

Jibu kwa muulizaji

Ewe kijana wetu, hukutoka katika Uislamu kwa uliyoyaeleza. Hukumwendea mpiga ramli wala hukuuliza ghaibu, hivyo hadithi ya siku arobaini haikuhusu. Na lau ingekuhusu, Imamu An-Nawawi ameeleza kuwa maana yake ni kukosa thawabu, na faradhi huwa imekwisha kuanguka, wala hailipwi. Usiache kuswali hata wakati mmoja kwa kudhani kuwa swala yako haina kitu, maana huo ndio ushindi ambao shetani angeutaka. Mwombe Mola msamaha kwa lile lenye shubuha, kama sote tunavyomwomba. Safari nyingine mwambie mwalimu wako kwa adabu kuwa dini yako inakuelekeza uziepuke karata hizo, umwombe akupe picha nyingine au maneno. Wala usiiache kalamu. Umma huu una haja ya wanaojua kusimulia.

Na nyinyi maimamu wetu, mkiulizwa mfano wa haya, ulizeni kwanza mtu alitaka nini kwa kile alichokishika. Kijana mwenye hofu ya dini yake akijibiwa kwa kukufurishwa, huenda asirudi tena kuuliza.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Tukipatia, ni kwa tawfiki ya Allah. Tukikosea, ni kutoka kwetu, na mlango wa kutusahihisha uko wazi.

Wallahu a’alam.